Jiwe la kwanza la kunolea wembe wa kukunja: achana na 12000, anza na 1000

Swali: Shikamoo fundi. Niko Morogoro. Babu aliniachia wembe wake wa kukunja, ule wa kizamani wenye mpini mweusi, umeandikwa Solingen. Nikajaribu kuunoa kwenye lile jiwe la hardware la pande mbili tunalonolea visu vya jikoni, sasa unavuta ndevu badala ya kukata na shingo inawasha siku nzima. Kuna jamaa mtandaoni anauza jiwe la kijani "12000" bei chee, halafu kwenye video nyingi naona wanasifia mawe ya Ubelgiji kwamba hayo ndo kiboko. Hela yangu inatosha jiwe moja, labda mawili nikijibana sana. Ninunue lipi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hilo la kijani liache kwanza. Namba ya jiwe inaeleza chembe zake, namba ikipanda chembe ni ndogo na jiwe linalainisha zaidi. Sio kwamba 12000 ni mbaya, ila wembe wako leo hauna shida ya 12000, una shida ya makali, na makali yanatengenezwa kwenye 1000. Yote yanayofuata juu ya hapo ni kulainisha kile ambacho 1000 imeshakifanya. Wengi wanaoniletea nyembe wakilalamika kwamba wamenunua jiwe la bei mbaya na bado wembe unavuta, nikiangalia kwa lenzi nakuta kazi ya 1000 haikuisha, yaani zile pande mbili za wembe hazijakutana kule mwisho, sasa hapo jiwe la gharama linalainisha nini?

Tuanze na ulichoufanyia huo wembe. Lile jiwe la hardware ni kaborandamu, upande mmoja unakwaruza sana na mwingine unakwaruza kiasi, kwa panga na kisu cha nyama linafaa kabisa na mimi mwenyewe ninalo. Lakini chembe zake ni kubwa, zinachimba mifereji kwenye chuma, na wembe kama huo mbavu zake zimechongwa zikabonyea ndani makusudi ili kule kwenye makali ubaki mwembamba sana, kwa hiyo kila mfereji unapofika ukingoni unaacha pengo. Uchukue sasa hivi, ushike chini ya taa makali yakiangalia juu, uzungushe taratibu. Makali mazuri huyaoni, hayarudishi mwanga hata kidogo. Kwako naamini utaona vidoti vinametameta kuanzia shina, upande wa mpini, mpaka ncha, na kila kidoti ni mahali palipobutuka au palipomeguka, ndo hapohapo panapokushika ndevu.

Ukiwa bado umeushika angalia na ufa. Pitisha ukucha polepole kando ya makali na uangalie kwa lenzi, kama huna nenda kwa fundi saa akuazime dakika mbili. Wembe wenye ufa usihangaike nao, weka kabatini iwe kumbukumbu ya babu, usiupeleke usoni. Kama hakuna ufa ila makali yameliwa katikati yakaingia ndani kidogo, hiyo kazi usianze nayo wewe, mpe mtu mzoefu aurudishe, halafu wewe uendelee na matunzo.

Sasa kwa nini nasema hela ya kwanza iende kwenye 1000. Kisu cha jikoni unakisia pembe kwa mkono, wembe wa kukunja hukisii kitu. Unaulaza flati, mgongo na makali vyote vinagusa jiwe kwa pamoja, na unene wa mgongo ndo unaokupa pembe, nyingi zinaangukia kwenye nyuzi 16 mpaka 18 hivi kwa pande zote mbili pamoja. Waliouchonga kiwandani walishakupigia hesabu. Lakini hiyo ina maana jiwe lazima liwe tambarare kwelikweli, likiwa na shimo katikati hata dogo ambalo huwezi kuliona kwa macho, wembe unagusa pembeni tu na katikati haunoleki, utasugua mpaka kesho. Kwa hiyo kwenye bajeti yako weka na cha kusawazishia. Wenye hela wananunua bamba la almasi, wewe chukua kipande cha kioo kinene na msasa wa maji namba 220 au 320, vyote hardware vipo. Chora jiwe lote mistari ya penseli inayokatizana, mwagia maji, sugua juu ya msasa mpaka mistari yote ifutike. Ikifutika pembeni ikabaki katikati, hilo ni shimo, endelea. Hata jiwe jipya kutoka kwenye boksi lifanyie hivyo, usiamini boksi.

Kuhusu namba, hapa ndo watu wanapigwa. Namba ya jiwe sio kama kilo ambayo kila mtu anapima sawa. Norton la Marekani, lile maarufu la 4000/8000, upande wa 8000 chembe zake zina ukubwa wa mikroni 3 hivi (mikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu). Shapton la Japani namba 5000 nalo ni karibu mikroni 3. Umeona? Huyu anaita elfu nane, yule anaita elfu tano, ukwaruzo ni uleule. Kwa vipimo vya Kijapani elfu nane inatakiwa iwe kwenye mikroni 1.2, hiyo ni laini zaidi ya mara mbili ya ile ya Norton. Ndo maana mtu akiniuliza "fundi, nina elfu nane inatosha?" mi namuuliza ya nani kwanza. Na hilo la kijani la bei chee lisilo na jina la kampuni wala boksi, "12000" hapo imeandikwa na muuzaji. Linaweza kuwa zuri, lakini chembe moja tu kubwa ikiwa imejichanganya humo ndani itakuwa inakata mstari kwenye makali yako kila ukipitisha, na hutajua kwa nini wembe hautulii.

Basi kama ni jiwe moja, tafuta la pande mbili la 1000/6000. King la Kijapani ndo linalopatikana kirahisi na bei yake haiumizi ukilinganisha na wenzake, mafundi wa visu vya hotelini wanalo sana, waulize wanaagiza wapi. Ubaya wake jiwe lenyewe si gumu, linalika haraka, utakuwa unalisawazisha mara kwa mara, lakini kwa kujifunzia ni zuri kwa sababu linakata vizuri na unalisikia mkononi. Upande wa 6000 peke yake utanyoa ila utasikia ukali kidogo kwenye ngozi, ukimalizia na mkanda wa ngozi uliopakwa ile dawa ya kijani, kromiamu oksaidi ya mikroni 0.5, uso unatulia. Ukijibana ukapata la pili, hapo ndo uchukue la kumalizia, Naniwa au Shapton la 8000 ama 12000 lenye jina na boksi lake. Mimi ningekupa 8000 ya Kijapani nikamaliza mjadala, 12000 ni raha ya ziada. Angalia tu maelekezo ya maji, King kwa upande wa 1000 unalilowesha dakika tano mpaka kumi hadi mapovu yaishe, ila Shapton na zile Naniwa za superstone unamwagia tu juu, ukilitumbukiza kwenye ndoo ukalisahau unaliharibu. Na yote kausha kivulini, jua la mchana linapasua jiwe.

Mawe ya Ubelgiji unayosikia yanaitwa coticule, yanachimbwa huko Ardennes, ya rangi ya manjano hivi, ndani yake kuna chembechembe za ganeti na ndo zinazokata. Ni mazuri kweli, sikatai. Ukilisugua kwa kijiwe kidogo linatoa uji, na uji ukiwa mzito linakata haraka, unavyozidi kuongeza maji linazidi kuwa laini mpaka unamalizia kwa maji matupu, kwa hiyo fundi anayelijua anafanya karibu kazi yote kwa jiwe moja. Shida ni hiyo "anayelijua". Jiwe la asili halina namba, kila kipande kina tabia yake, na bei yake huko Ulaya tu ni mbaya kabla hujaongeza kusafirisha na ushuru. Kuna na Arkansas ya Marekani na mawe ya Thuringia ya Ujerumani, hadithi ni hiyohiyo. Anayejifunza akitumia jiwe la asili na wembe ukakataa, hajui kama kosa ni la mkono, la jiwe au la wembe. Jiwe la kiwandani angalau linakuondolea kimoja.

Ukishalipata, kazi iende hivi. Bandika tabaka moja la tepu ya fundi umeme kwenye mgongo wa wembe ili usiukwangue, ikichakaa badilisha. Paka wino wa maka peni kwenye makali pande zote mbili, laza wembe kwenye 1000, pitisha mara moja makali yakitangulia, halafu angalia wino umetoka wapi. Ukitoka mstari mzima mpaka ukingoni, jiwe linagusa panapotakiwa. Ukibaki wino pale mwisho kabisa ujue bado, na usishawishike kuinua mgongo ili ufike haraka, ukiinua umeharibu pembe yote. Jiwe lina upana wa sentimita 7 hivi na wembe ni mrefu kidogo kuliko hapo, kwa hiyo unaanza na shina likiwa kwenye jiwe, unasukuma mbele huku ukivuta kuja pembeni, unamaliza na ncha, mkono unachora mshazari, ukirudi vilevile na mchoro unakuwa X. Kugeuza unageuzia mgongoni, makali hayaguswi. Nguvu kidogo mwanzoni kwa sababu una mapengo ya kaborandamu ya kuondoa, baadaye uzito wa wembe wenyewe unatosha, na watu wanashindwa hapo, wakiona haunoleki wanakandamiza, wembe mwembamba unapinda chini ya kidole na makali yananyanyuka juu ya jiwe.

Utajuaje 1000 imeisha? Vidoti vya taa vimepotea vyote, na wembe ukiupitisha juu ya ngozi ya mkono unakata malaika bila kukandamiza, kote, shina, katikati na ncha. Kama ncha haikati usipande 6000, rudi. Hapa unaweza kukaa saa nzima kwa wembe ulioharibika kama huo wako na ni kawaida, huko juu kazi ni ya dakika chache tu. Kwenye jiwe la kumalizia kuna alama nyingine naipenda, maji. Wembe ukiwa umekaa sawa unasukuma wimbi dogo la maji mbele yake, halafu unaona maji yanapanda juu ya makali yanalowesha ubavu badala ya kukimbia mbele. Yakipanda kwa urefu wote, pande zote mbili, futa uende kwenye mkanda wa ngozi.

Mkanda wa ngozi ndo kinyume cha jiwe, mgongo unatangulia na makali yanafuata nyuma, ukisahau ukageuza kinyume unakata mkanda na makali unayatupa. Vuta mkanda ukaze, laza flati, kitambaa cha turubai kwanza mara 20 au 30, halafu ngozi mara 50 hivi. Fanya hivyo kila kabla ya kunyoa, ukitunza namna hiyo kwa matumizi ya mtu mmoja jiwe utaligusa baada ya miezi kadhaa, na hapo ni lile la kumalizia tu, 1000 haihusiki tena mpaka wembe uanguke au umeguke. Ngozi yenye dawa ya kijani iwe ya kwake, usichanganye na ile safi. Na tafadhali usimpelekee yule mnoaji wa kusukuma gurudumu kwa baiskeli, ni fundi mzuri wa visu lakini gurudumu linachemsha chuma chembamba kwa sekunde, ukiona ukingo umepata ubluu chuma kimeshalegea hapo na hakishiki makali tena.

Jambo ambalo hukuuliza: huo wembe uwe wako peke yako. Usimnyolee mshikaji, usiupeleke saluni. Mkanda wa ngozi na jiwe havichemshiki, na homa ya ini na ukimwi vinapita kwenye tone dogo la damu usiloliona. Wateja mimi nawanyoa kwa kishikio cha kubadilisha wembe, mpya kila kichwa, wa zamani unaingia kwenye kopo la takataka mteja akiona.

Na kwa sababu chuma chake ni cha kaboni, kinaota kutu haraka, ukipeleka Tanga au Dar ndo usiseme. Ukimaliza kunyoa suuza, futa kwa kitambaa kuelekea upande wa makali na sio kuyakatisha, acha wazi ukauke, paka tone la mafuta ya cherehani, usiuache bafuni. Mafuta ya kupikia usipake, yakikaa yanaganda na kunata, utaanza tena kazi ya kuyatoa pale kwenye kiungo cha mpini.