Maswali ya wasomaji: Kompyuta inaweza kutabiri sabuni itakayowasha?

SWALI: Natengeneza sabuni ya maji kwa SLES (kisafishaji chenye povu), salfoniki asidi, kostiki soda, chumvi, rangi na manukato. Nimeambiwa kuna programu ya bure inayotabiri kama kemikali itawasha ngozi au macho. Nikiiwekea fomula yangu itanipa jibu? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Haitakupa, kwa sababu programu hizo husoma molekuli moja moja, si ndoo nzima. Rahisi kuanzia ni Toxtree. Kubwa zaidi ni QSAR Toolbox ya OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, nayo ni ya bure. Kemikali unaiandika kwa msimbo uitwao SMILES: ethanoli ni CCO, asidi ya siki ni CC(=O)O. Kwa ngozi na macho Toxtree hufuata kanuni za BfR, taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari. Inaangalia kwanza joto la kuyeyukia, uzito wa molekuli, na kama kemikali inapenda maji au mafuta, maana isiyoyeyuka haipenyi ngozi kirahisi. Halafu inasaka vipande vya molekuli vyenye sifa mbaya, kama vile aldehidi. Isiponasa kitu, usiichukulie kama cheti cha usalama: huenda hakuna kanuni inayoihusu kemikali yako.

Chukua siki. Ya mezani ina takriban 5% ya asidi, na watu wanaila kwenye kachumbari. Asidi hiyohiyo ikifika 10%, sheria za Ulaya zinaihesabu kuwa inawasha ngozi na macho; kuanzia 25%, inaunguza. Msimbo haubadiliki. Programu haijui umetia maji kiasi gani.

Fomula yako ina mitego mingine. Kostiki soda haina kaboni, na kanuni hizi zimetungwa kwa kemikali za kaboni. Manukato yana jina moja dukani lakini ndani ni kemikali nyingi ambazo muuzaji hazitaji.

Kwa mchanganyiko, tumia hesabu ya GHS, mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kupanga kemikali kwa hatari zake. Chukua karatasi ya usalama ya kila malighafi na ujumlishe asilimia. Viambato vinavyounguza ngozi vikifika 5% kwa jumla, bidhaa nzima inahesabiwa kuwa inaunguza. Vikiwa kati ya 1% na 5%, inawasha. Kwa macho mpaka ni mkali zaidi: 3% ya viambato vinavyounguza ngozi au kuharibu macho inatosha kuiita bidhaa yenye madhara makubwa kwa macho. Hesabu kiambato chenyewe tu, bila maji yaliyomo ndani yake: kilo 10 za SLES ya 70% katika kilo 100 za sabuni ni 7%, si 10%.

Wengi hukosea kwenye kostiki soda. Wanahesabu iliyoingia ndooni, ilhali sehemu kubwa imeshaliwa na salfoniki asidi. Inayodhuru ni iliyobaki. Kwa sheria za Ulaya kostiki soda ina mipaka yake, mikali kuliko ile ya jumla: ikibaki kati ya 0.5% na 2% inawasha, na kuanzia 2% inaunguza. Pima pH (kipimo cha uasidi na ubesi) ya sabuni iliyokamilika, baada ya kuikoroga na kuiacha itulie. Ikiwa 11.5 au zaidi, au 2 au chini, ichukulie kuwa inaunguza. pH ya katikati haimalizi swali, kwani GHS yenyewe inaonya kuwa kujumlisha asilimia kunaweza kudanganya kwa asidi, besi na visafishaji kama SLES.

SWALI: Si bora nijipake mkononi tu? (Msomaji, Thika)

JIBU: Ngozi ya mkono haikuambii lolote kuhusu jicho, na mwasho mwingine hujitokeza baada ya kurudiarudia. Zamani walitumia sungura, kwa njia ya Draize ya 1944, yaani kuweka kemikali kwenye ngozi au jicho la mnyama. Sasa maabara hutumia ngozi iliyooteshwa kutokana na seli za binadamu (mwongozo wa OECD namba 439): seli hai zikibaki 50% au chini, kemikali inawasha. Kwa macho kuna konea (kioo cha mbele cha jicho) ya ng'ombe kutoka machinjioni (namba 437). Wanapima ukungu wake na jinsi inavyovuja. Kipimo hiki kinatambua kemikali kali sana na zisizo na madhara, ila za katikati zinahitaji kipimo kingine.