Maswali na Majibu: Steringi, Adui na Anayekuchagulia Upande

Swali: Kwa nini wachambuzi mnaingiza siasa kwenye muvi za anga za juu? Si burudani tu? (Msomaji, Mbagala)

Jibu: Swali hili tumelijibu mara nyingi mno. George Lucas, mwenye Star Wars ya 1977, amesema mwenyewe kwamba waasi wake aliwafananisha na Vietcong, wapiganaji wa msituni wa Vietnam waliopigana na Marekani, na ile Dola wanayoipinga na Marekani yenyewe. Siasa aliiweka yeye.

Swali: Nimemaliza filamu ya Black Panther nikiwa upande wa Killmonger, yule adui. Nimekosea? (Sinza)

Jibu: Hujakosea. Hoja yake nzito: Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika kwenye filamu hiyo, ina silaha na tiba, huku weusi wengine duniani wanateseka. Watunzi walijua itakushika, ndiyo maana wakamfanya ampige risasi mpenzi wake, kisha amkabe koo mama mtunza bustani. Hapo amechafuliwa mwenye hoja, na hoja inazama naye. Ukimsikia adui anasema kweli, kaa chonjo, hatachelewa kuua asiye na hatia.

Ila kuna jambo baya zaidi ambalo hukuliuliza. Pambano la mwisho, anayetungua ndege zenye silaha ni ofisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, nasi tunashangilia. Shirika hilo ndilo lililopanga kumuua Patrice Lumumba kwa sumu mwaka 1960, hapo Kongo tu, ng'ambo ya ziwa. Imewezekanaje? Mapema ofisa huyo alionyeshwa akikingia risasi mwili wake ili Nakia, jasusi wa Wakanda, apone, akatibiwa na Shuri, dada wa mfalme, na kamera ikakaa usoni mwake. Hadi anashika usukani, ni mtu wetu.

Swali: Nitajuaje navutwa upande gani? (Tabata)

Jibu: Rudia dakika 20 za kwanza bila sauti, kalamu mkononi. Andika nani ana jina, uso wa nani umesogezwa karibu, nani kafiwa. Kisha hesabu wanaokufa bila uso. Askari wa Dola kwenye Star Wars wamefunikwa helmeti nyeupe ili wafe kwa makundi bila kukuuma. Halafu washa sauti usikie muziki unamsindikiza nani. Na kwenye kibanda umiza, mtafsiri akishatamka "steringi" huyu hapa, amekwisha kukuamulia.

Swali: Paul wa Dune ni mkombozi? (Kigamboni)

Jibu: Hapana. Frank Herbert alitunga kitabu hicho, 1965, kutuonya tusiwaabudu viongozi. Filamu ya 2024 inafunga kwa uso wa Chani, mpenzi wa Paul, akiondoka peke yake.