Wawili kwenye kochi: kwa mnaoanza kuchambua muziki kwa katuni

Vijana wengi wanaokuja kujifunza animesheni siku hizi wana wazo moja: kuchukua video ya Bongo Fleva iliyotoka juzi, kuweka mhusika wa katuni pembeni, na kumwacha aicheke. Wazo zuri tu. Ila nikiuliza, "Huyu anayecheka ni nani?" naonyeshwa mchoro. Naelezwa rangi ya fulana, aina ya raba, hata programu iliyotumika kuchorea. Mimi nataka kujua anaishi wapi, nani anamdai, anamwogopa nani, na ni jambo gani halijui huku akiamini analijua kuliko wote kijiweni. Hapo wengi hunyamaza.

Basi kabla hujafungua kompyuta, mtafute Mike Judge, mtengeneza katuni wa Marekani. Alizaliwa Guayaquil, Ecuador, mwaka 1962, akakulia New Mexico, akasoma fizikia chuo kikuu huko San Diego, akafanya kazi za uhandisi mpaka zikamchosha. Mwaka 1989 alinunua kamera ya Bolex ya filamu ya milimita 16 akaanza kutengeneza katuni nyumbani: anachora mwenyewe, anapiga picha mwenyewe, sauti zote anatoa yeye. Mwaka 1992 akatoa filamu fupi ya vijana wawili wapumbavu, na tarehe 8 Machi 1993 vijana hao wakapata kipindi MTV, kituo cha televisheni cha muziki cha Marekani. Kipindi kiliitwa Beavis and Butt-Head. Hata kama hujawahi kukiona, muundo wake unaujua. Vijana wawili kwenye kochi wanatazama video za muziki na kuropoka chochote kinachowajia. YouTube ilizaliwa 2005. Kwa hiyo unapomwona mtu mtandaoni leo amekaa anatazama wimbo na kukunja uso, ujue kochi lile lilitangulia kwa miaka 12.

Sasa shika hili, maana mengine yote yanatoka hapa. Wale wawili ni wajinga, na kipindi hakijifichi. Hawajui historia ya muziki wala maana ya mashairi. Mchambuzi wa gazeti angehitaji aya tatu kueleza kwamba video fulani imejaa majivuno. Wao wanaguna, wananyamaza, wanabadilisha chaneli. Na kwa kuwa ni wajinga, mtazamaji anacheka pande mbili kwa wakati mmoja, anaucheka wimbo na anawacheka wao. Wakisifu kitu, hujui kama kimesifiwa au kimetukanwa. Hukumu ya mwisho inabaki kwako uliyekaa sebuleni, na hapo ndipo uchambuzi wao ulipowazidi wasomi wengi waliokuwa wakiandika kwa hasira kuhusu MTV.

Ongeza kwamba duka lililokuwa likichekwa lilikuwa la MTV wenyewe. Kituo kinarusha video, kisha kinalipa watu waicheke. Sijui kituo gani kwetu kingekubali.

Nguvu yake ilionekana hata sokoni. Bendi ya White Zombie ilikuwa na albamu iliyotoka 1992 bila kishindo. Wale wawili walipoipenda video yao, mauzo yakapaa. Upande wa pili, kuna mtoto mnyonge katika katuni ile, Stewart, aliyevalishwa fulana ya bendi ya Winger. Kuvalishwa huko tu kulitosha kuifanya bendi ionekane ya washamba, na wenyewe walilalamika kwamba kumewaharibia jina. Hakuna aliyeikosoa kwa hoja. Fulana tu! Mchambuzi aliyevaa suti asingeweza kufanya hivyo.

Kwa hiyo usianze na maoni yako, anza na mtu wa kuyasema, tena awe mtu anayechekeka. Binti mmoja niliyekuwa namfundisha alileta konda wa daladala ya Gongo la Mboto. Konda huyu hazungumzii muziki kabisa. Akitazama video anapiga hesabu: gari lile la kukodi, nyumba ile ya Mbezi ndiyo ileile ya video ya mwezi jana, cheni hiyo itarudishwa saa kumi na mbili jioni. Hapo tayari una uchambuzi wa tasnia nzima kuliko makala ndefu kuhusu "maisha feki ya wasanii". Halafu tukaongeza kitu kimoja: picha ya wasifu ya konda kwenye simu, ameegemea gari la tajiri wake, miwani usoni. Sasa kicheko kinarudi kwake, na mtazamaji aliyekuwa akimcheka msanii anaanza kuwaza picha yake mwenyewe.

Mpe mwenzake. Mtu mmoja akiongea peke yake anahubiri, na mahubiri tunayo ya kutosha. Wakiwa wawili, mmoja anajiona mjanja, mwingine anaelewa vibaya, na kutoelewana kwao kunakufanyia kazi. Butt-Head alijiona ndiye mwenye akili. Tofauti ya akili kati yao ilikuwa ndogo sana, ila yeye aliiamini kwa moyo wote.

Jambo hili kwetu halina ugeni. Waliokaa vibanda umiza wanamkumbuka Lufufu akitafsiri filamu za nje huku akitia yake; Kenya wana DJ Afro, Uganda wana ma-VJ wao. Watu walikuwa tayari kulipia sauti ya mtu anayeongea juu ya picha ya mtu mwingine. Rudini mkawasikilize kwa makini, hasa wanaponyamaza.

Kuhusu kazi yenyewe, sauti kwanza. Sehemu za kochi Judge alizizungumza kwa kubuni palepale kwa kiasi kikubwa, na michoro yake, tuseme ukweli, ilikuwa ya kawaida sana. Mikao ya kochini ilirudiwarudiwa. Uwezo wake ulikuwa sikioni: alijua kicheko kikae muda gani kabla ya neno. Nanyi fanyeni hivyo. Kaeni wawili, egemezeni magodoro ukutani kuzuia mwangwi, wekeni video, rekodini bila skripti. Mtapata takataka nyingi na sekunde chache za dhahabu. Kata, panga, ndipo mchore.

Mkifika kwenye midomo, msihangaike na zile chati ndefu za maumbo zilizotengenezwa kwa Kiingereza. Kiswahili kina irabu tano na karibu kila silabi inaishia kwenye irabu. Chora kinywa cha a, e, i, o, u, kisha kilichofumbwa kwa ajili ya m, b na p, na cha meno kuuma mdomo kwa f na v. Hivyo saba vitakubeba mwaka mzima. Muda utakaookoa upeleke kwenye macho, maana mhusika anayesikiliza anachekesha kuliko anayeongea.

Mtauliza maneno ya kuropoka yatoke wapi. Judge alipoanzisha King of the Hill mwaka 1997 pamoja na Greg Daniels, katuni ya watu wa kawaida wa Texas, Daniels aliwachukua waandishi akawapeleka Texas na madaftari yao wakasikilize watu. Ninyi nauli yenu ni ya daladala tu. Andikeni kama mlivyosikia, msisafishe sarufi.

Kuna hatari mbili ambazo nawaeleza wageni mapema. Ya kwanza ni watoto. Mwaka 1993 huko Ohio mtoto wa miaka mitano alisababisha moto uliomuua mdogo wake wa kike, na mama yao akakilaumu kipindi cha Judge. Madai hayo yalipingwa, lakini MTV walikisogeza kipindi hadi usiku na kuondoa mambo ya moto. Kwetu katuni ikiwashwa, mzazi anamkabidhi mtoto simu na kwenda jikoni. Andika umri kwenye kava la video, sema tena mwanzoni, na kitu ambacho mtoto anaweza kukijaribu na kiberiti au kisu kitoe tu. Kama mzaha wako unakitegemea, ulikuwa mzaha dhaifu.

Ya pili ni hakimiliki, nayo ndiyo inayoua chaneli nyingi. Beavis and Butt-Head ilipotolewa kwenye DVD miaka ya baadaye, video nyingi za muziki hazikuwemo kwa sababu ya haki za wenyewe. Moyo wa kipindi ukakatwa, zikabaki hadithi. Kipindi kiliporudi 2011 wale wawili wakatazama pia vipindi vya uhalisia, na 2022 wakatazama pia video za YouTube na TikTok, ila kila kipande bado kina mwenyewe. Kwako mambo ni magumu zaidi: mfumo wa Content ID wa YouTube unautambua wimbo kwa kuulinganisha na kumbukumbu zake, na mwenye haki anaweza kuifungia video yako au kuchukua mapato yake yote. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi inayosimamia hakimiliki, wapo. Nendeni mkaulize kabla hamjaulizwa ninyi.

Njia ninayoipenda ni kutotumia video kabisa. Mchore msanii kwa mkono wako, au usimchore, mwache konda asimulie anachokiona na mtazamaji ajaze mwenyewe. Mzaha ukisimama bila kipande cha wimbo, hakuna wa kukushushia video. Ukilazimika kutumia kipande, omba ruhusa kwa maandishi. Wasanii wengi hukubali wakijua hutawagusa mama zao. Ila "poa tu mwanangu" ya WhatsApp isikulaze usingizi, kwa sababu mara nyingi haki ya rekodi iko kwa lebo, yaani kampuni inayomsimamia, na msanii mwenyewe hana cha kukuruhusu. Uliza kwanza ni ya nani.