Altrasaundi ya tezi dume: ni kweli wanapima kwa nyuma?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 63, nalima zabibu Hombolo. Usiku naamka kukojoa mara nyingi, nimeandikiwa altrasaundi ya tezi dume. Kijiweni wananiambia nitaingizwa mashine nyuma. Kweli?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hawajakosea sana, ila mara nyingi tunaanza na ya tumboni: unapakwa jeli chini ya kitovu, basi. Sharti kibofu kijae, kama lita 1 ya maji saa moja kabla. Kwa mwenye shida yako hiyo ni adhabu, na daladala haina choo. Fika kwanza, maji uyanywe hapahapa kwenye benchi. Ukishapimwa utakojoa, tuangalie mkojo uliobaki.

Ya nyuma hutumia kifaa chembamba kama kidole, kimevalishwa kondomu. Ni dakika chache, haina mionzi.

Tezi ikionekana kubwa, usianze kugawa mashamba. Picha peke yake haithibitishi saratani; hufuata kipimo cha damu cha PSA, pengine kunyofoa kipande kidogo cha tezi kikapimwe. Kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda, tuambie kabla ya hapo.

Mkojo ukiziba kabisa, usingoje tarehe ya kipimo. Njoo hata usiku.