Bendi ya Jeshi Ikija Mjini Kwenu

Binti yangu anafundisha muziki shule ya msingi hapa Minnesota. Wikiendi moja kila mwezi anavaa sare anakuwa askari, mpiga tarumbeta wa bendi ya Divisheni ya 34 ya Walinzi wa Taifa, jeshi la akiba la hapa Marekani, wale wenye nembo ya fahali mwekundu. Makao yao ni Rosemount, na kiangazi wanaongeza wiki mbili hivi. Kila Julai ikikaribia ndugu zetu wa hapa huniuliza: wakija kupiga kwenye bustani ya mji, tuwape nini?

Msiwape pesa. Najua ni vigumu. Mimi ni mtu wa Tanga, na sisi wa pwani, ambao babu zetu waliziona bendi za askari wakazigeuza ngoma ya beni, mpigaji akikukuna moyo huwezi kukaa na noti yako mkobani. Mwaka wa kwanza shangazi yake binti alifanya kama yuko kwenye taarab. Aliinuka kwa madaha, kanga begani, dola ishirini mkononi, akaenda mpaka kwa mpiga saksafoni amtunze. Kijana akaurudisha mkono ule kwa upole, akatikisa kichwa. Wakiwa kazini sheria haiwaruhusu kupokea malipo ya pembeni, na maonyesho yao ni bure kwa kila mtu. Shangazi alirudi kitini amenyong'onyea, nami nikamwonea huruma, maana alikuwa ametoa heshima kubwa kuliko zote anazozijua.

Tuzo wanayoipokea ni barua. Mwandikieni kamanda wa bendi, mtaje siku mliyowasikia na kilichowagusa. Yetu ilisomwa mbele ya kikosi kizima, na binti alinipigia simu usiku uleule, ana furaha kama mtoto. Na siku ya onyesho watengeeni kivuli na maji. Sare ile ni nzito juani.

Ningependa mtu angenieleza mapema habari ya kusimama. Wimbo wa taifa unajulikana: unaielekea bendera, mkono kifuani, wanaume kofia mkononi. Lakini karibu na mwisho bendi huziunganisha nyimbo za majeshi yote, mmoja baada ya mwingine, na kila wimbo unapoanza husimama waliotumikia jeshi hilo pamoja na jamaa zao. Mimi sikujua, nikakaa. Mzee mmoja jirani yangu, kofia yake imeandikwa Vietnam, aliniinamia akaniambia huu ni wimbo wa jeshi la mwanao, simama mama. Nilisimama. Binti akaniona, tarumbeta mdomoni. Basi nawaomba, msikae.

Na msiseme "hawa ni wa muziki tu." Niliwahi kulisema neno hilo nyumbani, binti akanyamaza, na mpaka leo linanichoma. Kuingia bendi ile alifanyiwa kwanza usaili wa muziki, kisha wiki kumi za mafunzo ya askari kama kuruta mwingine yeyote, kisha wiki kumi nyingine katika shule ya muziki ya jeshi kule Virginia. Bunduki analenga shabaha, mazoezi ya mwili anapimwa.

Tena kuna mazishi. Tangu mwaka 2000 sheria inamhakikishia kila mkongwe wa jeshi anayestahili azikwe mbele ya askari wasiopungua wawili, bendera ikunjwe, na upigwe ule mlio wa kuaga wenye noti 24. Wapigaji hawatoshi, kwa hiyo mara nyingi hutumika mlio uliorekodiwa, kifaa chake kimefichwa ndani ya tarumbeta. Ndiyo sababu binti hukubali kila anapoitwa. Nimemwona Januari kwenye makaburi ya taifa ya Fort Snelling, baridi nyuzi ishirini chini ya sifuri, ameshika kile kipande cha mdomoni kiganjani ndani ya glavu kisimgandie, pistoni zinakataa kushuka. Ukiwa mfiwa, usimsemeshe kabla. Wakimaliza, mmoja wenu amfuate amwambie marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Huwa anarudi nyumbani akinisimulia habari hizo, huyu alifuga nyuki, yule alioka mikate.

Mwenye biashara aliyeajiri mtu wa namna hii asimnunie akiomba ruhusa ya wikiendi ya jeshi. Sheria inamlinda, ndiyo, lakini binti alishawahi kuwa na bosi aliyemfanya aione haki yake kama deni.

Onyesho likiisha, msikimbilie magari. Hawana wapagazi. Wanakunja viti wenyewe, ngoma kubwa wanaipandisha lorini wenyewe. Ombeni ruhusa, mbebe. Mwaka jana vijana wetu wa msikitini na wa kanisani walibeba stendi zote mpaka giza likaingia, na sajini mpiga tuba, ambaye siku za kazi ni fundi bomba, akawapa mkono mmoja mmoja akiwauliza majina.