Nesi mpya, jimbo jipya: leseni kwanza, kisha wodi, nyumba baadaye

"Dada, nimemaliza shule hapa Minnesota, lakini mume wangu amepata kazi Dallas, Texas. Nianzie wapi?"

Swali hili na mengine ya aina yake hunifikia kila Mei na kila Desemba, vyuo vya uuguzi vya Marekani vinapofunga muhula. Wanaouliza wengi ni watoto wa kwetu: waliofanya kazi ya CNA (msaidizi wa nesi) usiku huku wakisoma mchana, wengine wakapitia LPN (nesi wa ngazi ya chini), na sasa wamemaliza masomo ya RN (nesi kamili aliyesajiliwa). Bidii wanayo. Kinachowaangusha ni mpangilio. Wanaanza kutafuta nyumba na gari la kubebea mizigo, kisha kazi, na leseni inabaki mwisho kana kwamba itakuja yenyewe. Naomba ugeuze. Shughulikia leseni, halafu wodi utakayoanzia, na nyumba ije baada ya hayo mawili.

Nchi hii haina leseni moja ya uuguzi. Mtihani ni mmoja, NCLEX-RN, ila leseni hutolewa na bodi ya uuguzi ya kila jimbo. Mtihani waweza kuufanya katika kituo chochote cha Pearson VUE, kampuni inayousimamia, jimbo lolote. Kinachohesabiwa ni bodi uliyoiomba leseni. Kwa hiyo kama unajua mapema kwamba utaishi Texas, peleka maombi yako Texas tangu mwanzo, itaje bodi ya Texas unapojisajili na Pearson VUE, chuo chako kitume uthibitisho huko, kisha ufanye mtihani hukohuko Minnesota. Matokeo yatakwenda Texas. Anayeomba Minnesota kwa sababu tu ndiko alikosoma, atapata leseni ya Minnesota, kisha aanze upya kuomba ya Texas kwa njia ya endosimenti, yaani kuomba leseni kwa msingi wa ile ya jimbo jingine: ada nyingine, alama za vidole tena, uthibitisho wa leseni kupitia Nursys (mfumo wa mtandaoni wa kuthibitisha leseni za manesi), na kusubiri tena. Njia hiyo nayo hufika, lakini mtu mwenye barua ya kazi inayosema anaanza tarehe fulani hana wiki za kupoteza.

Kila bodi ina mambo yake. Texas inataka ufanye mtihani mdogo wa sheria za uuguzi za jimbo hilo kabla ya kukupa leseni. Usiuchukulie kama karatasi ya kupita tu, nitarudi kwake. California inajulikana kwa kuchelewa, kwa hiyo anayelenga huko aanze kujaza fomu akiwa bado darasani, mara tu bodi inaporuhusu.

Kuna jambo moja linalowaumiza watu wetu kuliko wengine: majina. Pasipoti ina majina matatu, chuo kimeandika mawili, leseni ya udereva imeweka jina la baba mahali pa jina la kati, na aliyeolewa ana jina la nne. Pearson VUE wanataka jina la kwenye kibali cha mtihani lifanane na la kwenye kitambulisho utakachoonyesha mlangoni. Lisipofanana unarudishwa, na ada ya dola 200 imekwenda. Kabla hujajisajili, weka nyaraka zako zote mezani uzisome jina kwa jina, na urekebishe chuoni kwanza ikibidi. Kazi hiyo ni ya jioni moja.

Sasa mkataba wa majimbo, ambao manesi huuita Compact. Majimbo zaidi ya 40 yameingia, na anayeishi katika jimbo mojawapo anaweza kupewa leseni moja inayomruhusu kufanya kazi katika yote. Hadi ninapoandika, California, New York, Oregon na Minnesota yenyewe hazimo. Orodha hubadilika, kwa hiyo itazame kwenye ramani ya NCSBN, baraza la bodi za uuguzi za majimbo, badala ya kutegemea aliyekuambia kazini. Leseni hii hufuata makazi yako ya kisheria, wala haiangalii ulikosoma. Ukiomba Texas ukiwa bado mkazi wa Minnesota, utapewa ya jimbo moja. Ukishahamia na kuthibitisha makazi, unaomba igeuzwe iwe ya majimbo mengi. Na anayehama kutoka jimbo moja la mkataba kwenda jingine ana siku 60 za kuomba leseni ya jimbo jipya, kanuni iliyoanza kutumika Januari 2, 2024. Leseni ya zamani haikubebi milele.

Ushahidi wa makazi ni kama leseni ya udereva, fomu ya kodi ya shirikisho au kadi ya mpiga kura. Hapo naomba unisikilize vizuri. Kama wewe si raia, una green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) au hadhi nyingine, hiyo kadi ya mpiga kura isikuhusu. Ukienda kuchukua leseni ya udereva katika jimbo jipya, karani au mashine inaweza kukuuliza kama ungependa kujiandikisha kupiga kura. Jibu ni hapana. Wapo waliobonyeza ndiyo kwa heshima tu, wakidhani ni sehemu ya fomu, na suala hilo likawafuata hadi kwenye maombi ya uraia. Asiye raia kudai kuwa raia kunaweza kumtoa mtu nchini, hata awe nesi mzuri namna gani.

Leseni ikishakuwa njiani, tafuta wodi. Nasema wodi kwa makusudi. Vijana wengi hutafuta mji, wakishapata mji wanachukua hospitali yoyote itakayowajibu. Nesi mpya aliyehama anabeba ugeni mara mbili: hajazoea kazi, na hajazoea mahali. Atakayekubeba katika miezi hiyo ni prisepta, yule nesi mzoefu utakayefuatana naye zamu kwa zamu, pamoja na msimamizi wa wodi aliyempanga. Hospitali nyingi kubwa zina programu ya manesi wapya, residensi, na nyingi huchukua mwaka mzima: unafanya kazi kwa mshahara kamili huku mkikutana na wenzako kwa mafunzo. Nafasi zake hufunguliwa miezi kadhaa kabla, kwa makundi, na zikijaa zimejaa. Programu nyingi hazimpokei tena mtu kama nesi mpya akishapitisha muda fulani tangu ahitimu, mara nyingi mwaka mmoja. Ndiyo maana simshauri mtu ahame kwanza, akae na ndugu "akijipanga", halafu ndipo aanze kuomba. Omba ukiwa uliko. Usaili wa kwanza siku hizi huwa kwa video.

Katika usaili huo uliza, tena uliza bila haya. Orientesheni ya wodi hii, yaani mafunzo ya kuanzia kazi, ni wiki ngapi? Nitakuwa na prisepta mmoja au kila siku mwingine? Nikiajiriwa usiku, nitafundishwa usiku? Nesi mmoja hushika wagonjwa wangapi mchana, na usiku je? Wiki zikiisha na bado sijawa tayari, mnafanyaje? Msimamizi mwenye wodi iliyo sawa hujibu papo hapo, kwa namba. Akianza kuzungukazunguka na kusema "inategemea", hilo nalo ni jibu. California ina sheria ya idadi iliyoanza kutumika 2004: katika wodi ya kawaida ya watu wazima nesi hapewi wagonjwa zaidi ya 5, na ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) hapewi zaidi ya 2. Texas haina idadi kama hiyo katika sheria, kwa hiyo huko swali hili lina uzito zaidi.

Halafu bonasi. Tangazo linasema dola 10,000 kwa atakayejiunga, na mtu mwenye deni la shule hasomi mstari wa pili. Bonasi ya kuanzia karibu siku zote huja na miaka ya kukaa, na ukiondoka kabla unarudisha. Soma maneno yenyewe: unarudisha yote au kwa sehemu ya muda uliobaki? Ukihamia wodi nyingine ya hospitali hiyohiyo, umevunja mkataba? Utarudisha kiasi kilichoingia benki au kiasi cha kabla ya kodi? Hilo la mwisho limewaliza watu, kwa sababu bonasi hukatwa kodi kama mshahara, na mkataba mwingine hudai fedha ambazo mikono yako haikuzigusa. Binti mmoja niliyesoma naye mkataba wake alikuwa na hospitali mbili: moja ina bonasi nono na orientesheni ya wiki 6, nyingine haina bonasi ila inatoa wiki 12 na programu ya mwaka. Alichukua ya pili. Ningemshauri hivyohivyo leo, na ningemshauri hivyo mwanangu. Wiki ya saba peke yako na wagonjwa sita katika mji usio na mtu wako hailipwi na bonasi yoyote.

Kazi za travel, zile za mkataba wa wiki 13 zenye malipo makubwa, ziache kwanza. Mawakala wanataka uzoefu wa mwaka mmoja au miwili, na wako sahihi: nesi wa travel hupewa orientesheni ya siku chache tu kisha anaachwa.

Ukishaingia wodini, ugeni wako utaonekana zaidi kwenye simu. Ni saa tisa usiku, mgonjwa wa chumba cha 12 presha yake imeshuka hadi 84 kwa 50, na daktari wa zamu hajakusikia hata siku moja. Usianze na hadithi. Jina lako, wodi, jina la mgonjwa, kisha tatizo: presha ilikuwa ngapi jioni, sasa ni ngapi, amelazwa kwa nini, umefanya nini tayari, unataka nini kutoka kwake. Ni ile SBAR ya darasani (hali, historia, tathmini, ombi), isipokuwa sasa andika mistari minne kwenye karatasi kabla ya kupiga. Akitoa agizo, lirudie kwake neno kwa neno. Tarakimu nazo tamka moja moja, maana kumi na tano na hamsini za Kiingereza hufanana masikioni, hasa kati ya lafudhi yetu na lafudhi ya watu wa kusini mwa Marekani. "One-five" haina mjadala. Daktari akikasirika kwa kuulizwa tena, muulize tena. Lafudhi si aibu. Hatari iko kwenye kukisia dozi, na asiyekisia ndiye nesi salama.

Usishangae mambo uliyoyajua yakiwa tofauti: jina la fomu, mpangilio wa rekodi hata kama programu ya kompyuta ni Epic ileile, nani anaruhusiwa kutoa damu, taratibu za heparini na insulini. Miezi ya mwanzo fuata sera ya hospitali hiyo, na uisome mwenyewe kwenye kompyuta badala ya kusikia tu kwa jirani.

Nilisema nitarudi kwenye ule mtihani wa sheria wa Texas. Humo utakutana na kitu kinachoitwa Safe Harbor. Ukipewa kazi ambayo kwa nia njema unaona itahatarisha wagonjwa, una haki ya kuiomba kinga hiyo, na mwajiri haruhusiwi kukulipizia kwa kuiomba. Lakini lazima uiombe wakati unapopewa kazi au hali inapobadilika katikati ya zamu, si kesho yake. Nesi mpya aliyekariri majibu akafaulu halijui hili siku anayolihitaji.

Nyumba sasa. Barua ya kazi mara nyingi hukubaliwa na wenye apatimenti kama ushahidi wa mapato, hivyo huhitaji kusubiri mshahara wa kwanza. Panga karibu na hospitali kama unaanza usiku. Kuendesha gari dakika hamsini asubuhi baada ya zamu yenye urefu wa saa 12 ni hatari ya kweli. Ukiwa Texas, mgeni ana siku 30 za kusajili gari na siku 90 za kubadili leseni ya udereva. Ukiibadili mapema, unapata ushahidi wa makazi, na leseni ya uuguzi nayo inasogea.

Waambie nyumbani mapema pia. Habari kwamba umekuwa RN ikifika Kisii au Moshi, watu hawahesabu dipoziti ya nyumba, matairi, na wiki mbili au tatu za mwanzo kabla ya mshahara. Piga simu mwenyewe, mwambie mama au kaka mkubwa kwamba kwa miezi kadhaa mkono utakuwa mfupi, na utaje mwezi utakaoanza kutuma tena. Mzazi huelewa akiambiwa kabla, na wewe unaingia zamuni bila mzigo huo kichwani.

La mwisho ni kodi. Fedha ambazo hospitali inakupa za kuhamia huhesabiwa kama mshahara na hukatwa, na kwenye kodi ya shirikisho gharama za kuhama hazipunguziwi tena tangu 2018, isipokuwa kwa wanajeshi na wachache wengine. Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo, lakini kwa miezi uliyofanya kazi Minnesota ya CNA mwaka huohuo, Minnesota inaweza kukudai fomu ya mkazi wa sehemu ya mwaka. Mwajiri wako wa zamani atatuma W-2, fomu ya mwaka ya mshahara na kodi iliyokatwa, kwenye anwani aliyonayo. Mpe mpya kabla hujaondoka.