Kwa mdogo wetu wa basketi: duka kwanza au watoto kwanza?

Mdogo wangu, umesema umemaliza chuo hapa Lubumbashi, umecheza basketi miaka minne, una akiba ya dola 600, na unataka kufungua duka la raba na papo hapo kufundisha bure watoto wa Kenya, komuni yetu ya hapa Lubumbashi. Ukamtaja Dikembe Mutombo, mchezaji wetu wa basketi aliyecheza NBA, ligi kuu ya Marekani.

Basi tumwangalie vizuri. Dikembe alimaliza chuo kikuu cha Georgetown, Marekani, mwaka 1991, akaanzisha shirika lake la misaada 1997, na hospitali yenye jina la mama yake ikafunguliwa Kinshasa 2007. Miaka kumi, na yeye alikuwa na mshahara wa NBA! Biashara yake ya kahawa ilikuja baadaye kabisa, ameshastaafu kucheza.

Wewe dola 600 zigawe hivi: 400 za mali, 200 usiziguse. Duka lisubiri, kodi ya pango itakumeza. Nenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mtu anayejua forodha, leta jozi chache, uwauzie wale mliocheza nao. Wanakuamini, na huo ndio mtaji ambao wenzako hawana. Kuwakopesha? Hapana, hata kapteni wako. (Mimi nilikopesha timu nzima. Bado nawasalimia tu.)

Watoto wape Jumamosi asubuhi, mpira mmoja na filimbi. Haihitaji shirika wala bango lenye picha yako. Ila fedha zao ziwe na daftari lake, mbali na la biashara, na mzazi mmoja alishike.

Ukishauza jozi ishirini, rudi hapa utuambie faida. Tutazungumza duka.